Mkimya Hajawa Shujaa Mpaka Aitwe

Kijana wa Unguja au Pemba aliyemaliza skuli na bado anangoja ajira, ukitazama maelezo yake kwenye simu, chini ya jina, pale ambapo zamani pakikaa aya, jina la timu au fumbo la kanga, siku hizi hukosi kukuta herufi nne: INFP. Si kifupi cha chama wala cha chuo. Ni jibu la mtihani wa hulka unaofanywa mtandaoni kwa dakika chache, unaowagawa wanadamu wote katika makundi 16, na herufi hizi ni za yule mtu wa ndani, mpole, anayeishi na ndoto ya dunia iliyo njema kuliko hii. Pamoja na herufi huja sifa. Vipande vya video vyenye muziki wa taratibu na picha ya mtu amekaa peke yake ufukweni vinamwambia kwamba yeye ni shujaa aliyefichika, kwamba watu wa aina yake ni adimu, na kwamba walimwengu hawajamjua tu. Wazee wakisikia hucheka: shujaa gani huyo hata salamu anaitoa kwa kunong'ona? Mimi naona wanaoshangilia na wanaocheka wameteleza mahali pamoja. Wote wanadhani suala ni kama mkimya ana ushujaa ndani yake au hana, mithili ya kisima ambacho unachimba tu uone kama kina maji. Hoja yangu ni nyengine. Mpole mwenye ndoto ana kitu kimoja cha kweli, nacho ni uwezo wa kukataa pale thamani yake inapoguswa. Lakini kukataa huko hakujawa ushujaa mpaka atokee wa kumwita na wa kusimama naye, na hapo mzigo unahama kutoka kwake kuja kwetu tulio pembeni.

Kwanza tujue kitu hiki kimetoka wapi, maana wengi wanaojivika hawajui. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alichapisha kitabu kuhusu aina za hulka, akawatofautisha watu kwa kuangalia nguvu ya nafsi zao inaelekea wapi: kwa wengine inatoka kwenda kwa watu na mambo ya nje, kwa wengine inarudi ndani, kwenye fikra na hisia zao wenyewe. Jung hakutunga herufi nne, na alisema wazi kwamba hakuna mtu wa ndani mtupu wala wa nje mtupu. Mawazo yake yaliokotwa na mama mmoja wa Marekani, Katharine Briggs, ambaye alikuwa tayari anachunguza hulka za watu kwa hamu yake mwenyewe, akayarithisha kwa binti yake, Isabel Briggs Myers. Vita Vikuu vya Pili vilipowaingiza watu wengi, wanawake hasa, katika kazi ambazo hawajawahi kuzigusa, Isabel aliona kwamba kila mtu akiijua hulka yake atapata kazi inayomfaa, na pengine ugomvi baina ya watu utapungua. Ndoto kubwa hiyo. Naye hakuwa amesomea saikolojia. Shahada yake ilikuwa ya siasa, na lililokuwa limemtoa kabla ya hapo ni riwaya ya upelelezi iliyoshinda zawadi. Alijifunza takwimu ukubwani, akajaribisha maswali yake kwa wanafunzi wa skuli na wa udaktari, akakaa nyumbani kwake akihesabu majibu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1962 taasisi kubwa ya mitihani ya Marekani ikamchapishia mtihani wake, unaojulikana kama Myers-Briggs, mwaka 1975 kazi yake ikahamia kwa mchapishaji mwengine, na mwaka 1980 akafariki. Kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa INFP.

Nimekawia hapo kwa makusudi. Wanaoitangaza aina hii leo humsifu mtu kwa moyo wake laini na kwa ndoto zake, kana kwamba ndoto ndizo zilizofanya kazi. Mwanamke aliyeanzisha jambo lenyewe alikuwa na ndoto, naam, lakini kilichoifikisha ndoto hiyo mpaka kwenye simu ya kijana wa Wete ni miaka thelathini na zaidi ya kuhesabu karatasi, kazi isiyo na muziki wa taratibu wala picha ya ufukweni. Tena hakufika peke yake. Alikuwa na mama aliyemtangulia, na kila hatua alipata mtu au taasisi iliyompa nafasi. Ukitaka kujua mtu wa aina hii anafanikiwa vipi, usiyasome maelezo ya mtihani, msome aliyeutunga.

Herufi zenyewe zina maana nyepesi. I ni kuelekea ndani. N ni kutazama maana na yale yanayoweza kuwa, zaidi ya yaliyopo mbele ya macho. F ni kuamua kwa kupima utu na thamani. P ni kuacha mlango wazi badala ya kulifunga jambo mapema. Ziweke pamoja unapata mtu asiye na maneno mengi, mwenye mambo machache aliyoyashika kwa nguvu zote, laini kama mkate wa ufuta mpaka siku utakapoligusa moja kati ya hayo, hapo akageuka jiwe. Katika sampuli ya Wamarekani iliyotumika kwenye mwongozo wa mtihani, watu wa namna hii walikuwa karibu 4 katika kila 100. Hapo ndipo lilipotoka neno "adimu". Lakini mtandaoni utawakuta kila pahala, na sababu haihitaji utafiti: nani mwengine atakaa usiku wa manane akijibu maswali kuhusu nafsi yake?

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo mtihani unapogonga mwamba ambao watungaji wake hawakuuona. Msichana wa Micheweni analelewa asinyanyue sauti mbele ya wakubwa, asianze mazungumzo na mgeni, asimtazame machoni anayemzidi umri, na akiulizwa anataka nini ajibu "chochote." Haya hiyo ni adabu, amefundishwa, na amefuzu. Mletee swali la kwenye simu: je, huona tabu kuzungumza na watu usiowajua? Atajibu ndiyo, tena ndiyo kubwa. Simu itamwambia kwamba yeye ni mtu wa ndani. Msichana huyo huyo mpeleke kwenye shughuli ya harusi, wanawake watupu, ngoma imekolea. Utamkuta katikati, sauti imekauka, anaongoza vibwagizo, na mashoga zake ndio wanaomsukuma akae chini wengine nao wapate zamu. Utu wa ndani aliouzungumza Jung ni mahali nguvu ya mtu inapopumzikia. Haya ya Mpemba ni heshima anayompa aliye mbele yake. Hivi ni vitu viwili, na mtihani wa dakika chache hauna jicho la kuvitofautisha. Kwa hivyo herufi ya kwanza ya vijana wetu wengi naitilia shaka, na nadhani kuna kaka na dada wengi wanaotembea na jina la ukimya ambao, wakipelekwa mahali pasipo wakubwa, watakushangaza.

Na kinyume chake kipo pia. Tunapenda kujisemea kwamba sisi ni watu wa baraza, kwamba Mzanzibari hakai peke yake, kwa hiyo hulka ya kujitenga ni maradhi ya kizungu. Hoja hii ni dhaifu, na anayeisema hajawahi kukaa barazani akatazama. Nenda Jaws Corner, baraza la Mji Mkongwe, jioni, kahawa inamiminwa, siasa inachambuliwa, kila mmoja waziri. Hesabu wanaosema na wanaosikiliza. Katika kila baraza yupo mtu anayekuja kila siku, mahali pake panajulikana, anakunywa vikombe viwili vya kahawa chungu na kipande cha kashata, na kwa mwezi mzima hakusema zaidi ya "waalaykum salaam" na "haya, kesho." Hakuna anayemuona mgonjwa. Akikosa siku mbili, wenziwe wanakwenda kumgongea mlango. Baraza lilimpa nafasi mtu wa ndani kabla Uswisi haijampa jina, na lilimpa bila ya kumtaka abadilike. Hili nalitaja mapema kwa sababu nitalirudia.

Wapingaji wengine wana hoja nzito zaidi. Wanasema mtihani huu ni falaki iliyovaa suruali. Falaki tunaijua: unalihesabu jina lako na la mama yako kwa abjadi, kila herufi na namba yake, unagawa kwa 12, kinachobaki ndiyo nyota yako, na ukishaambiwa nyota yako ni ya maji unaanza kuzikumbuka mara zote ulizolia. Mfanano upo. Katika yote mawili mtu hupewa maneno mapana yenye sifa ndani yake, naye huyakata yamkae. Tofauti ni kwamba falaki inakuambia usichoiambia, ilhali mtihani wa herufi unakurudishia ulichouambia mwenyewe dakika tano zilizopita, kimekunjwa vizuri. Hiyo si aibu. Kioo nacho hakikuambii jipya, lakini watu hawatoki nyumbani bila ya kujitazama. Tatizo la kioo hiki ni kwamba kinapinda. Watu wengi katika vipimo hivi huangukia karibu na katikati, si ncha hii wala ile, na mtihani unawalazimisha upande mmoja kwa tofauti ya jibu moja au mawili. Matokeo yake, sehemu kubwa ya wanaorudia baada ya wiki chache hupata angalau herufi moja tofauti. Wanasaikolojia wengi wa vyuoni wameuacha, wanatumia kipimo cha tabia tano kinachompa mtu kiwango badala ya kumtia kwenye chumba. Hata hivyo, mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, McCrae na Costa, walionyesha kwamba vipimo vinne vya herufi vinaendana na vinne kati ya hivyo vitano. Kinachokosekana ni cha tano, cha wasiwasi na kuyumba kwa moyo, yaani kile hasa ambacho mtu anayejiita shujaa wa siri angefaa akijue kuhusu nafsi yake. Kwa hiyo mtihani si mtupu, wala si mizani ya dhahabu. Wenye mtihani wenyewe wamesema usitumike kuchagulia wafanyakazi, nami naomba wenye mahoteli wa pwani ya mashariki, ambao nasikia wameanza kuwauliza vijana herufi zao kwenye usaili, walisome hilo kabla ya kununua jengine.

Upande wa wanaoutetea, hoja yao bora naikubali. Kijana aliyeitwa bwege tangu darasa la tatu, aliyepigwa kikumbo na kaka zake kwa kupenda kukaa na kitabu, akisoma kwamba hulka yake ina jina na kwamba wapo wengine kama yeye Brazil na Indonesia, anapumua. Sioni haja ya kumnyang'anya pumzi hiyo. Kiswahili chetu kina methali nyingi za kumtetea, kimya kingi kina mshindo mkuu, simba mwenda kimya ndiye mla nyama, lakini methali huzitumia wakubwa wakishaona mshindo. Mtoto aliye kimya leo hapati methali, anapata jina la utani.

Hoja yao mbovu ni orodha ya majina. Watakwambia Shakespeare alikuwa INFP. Nani alimuuliza? Mtu aliyekufa mwaka 1616, aliyetuachia tamthilia na mashairi lakini hata barua moja ya mkono wake hatuna, ametiwa herufi na mtu aliyetazama tamthilia mbili za mapenzi. Na kwetu mchezo umeanza: tangu Abdulrazak Gurnah apate Nobel ya fasihi mwaka 2021, nimeshaona mtu akimgawia herufi kwa sababu anazungumza polepole na aliondoka Unguja akiwa kijana. Kuondoka kwake kulikuwa na sababu zilizokuwa nje ya nafsi yake, kila mwenye umri anazijua, na kazi aliyoifanya baada ya hapo ni ya nusu karne. Orodha za namna hii zinafanya kosa lile lile kila mara: zinamchukua mtu mwisho wa safari, zinamrudishia hulka, kisha zinadai hulka ndiyo iliyoendesha chombo. Wala hazimtaji mpole mwengine, mwenye herufi zile zile, aliyekaa miaka arubaini na ndoto yake akafa nayo. Nao ni wengi zaidi.

Tukitaka kujua ushujaa unatokaje, tuwaangalie waliofanya, si waliosifiwa. Samuel Oliner aliokoka mauaji ya Wanazi akiwa mtoto huko Poland kwa sababu mwanamke mmoja mkulima alimpokea na kumsaidia. Alipokuwa mtaalamu Marekani, yeye na mkewe Pearl waliwahoji watu zaidi ya 400 waliowaficha Wayahudi wakati wa vita, wakachapisha matokeo mwaka 1988. Hawakuishia kwenye hulka. Walikuta malezi: watu waliokuzwa na wazazi waliowaeleza badala ya kuwapiga, waliowafundisha kwamba asiye wa kabila lako naye ni mtu. Na walikuta jambo jengine ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Wengi wao hawakuamka asubuhi wakaamua kuwa mashujaa. Mtu alikuja mlangoni, au alituma mtu, akawaomba. Waliombwa, wakashindwa kusema hapana.

Lipo pia jaribio la mwaka 1973 la watafiti Darley na Batson huko Princeton. Waliwachukua wanafunzi 40 wa chuo cha dini, wengine wakaambiwa waende jengo la pili kutoa mazungumzo kuhusu kisa cha Msamaria mwema, yule aliyemsaidia mtu aliyeachwa njiani. Njiani wakawekewa mtu ameinama, anakohoa, anaugulia. Walioambiwa hawana haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Aina ya dini ya mtu, kama anaifuata kwa kutafuta au kwa faida, haikutabiri nani atasimama; haraka ilitabiri. Mfikirie ustadhi wetu anakimbilia darsa ya haki za jirani huku anamruka jirani aliyeanguka kizingitini. Tusicheke sana, sote tumeshapita hapo.

Na sisi tuna letu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander iliyotoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Mamia walikufa, na hadi leo zipo nyumba Pemba zisizoitaja meli hiyo kwa jina. Zaidi ya watu 600 waliokolewa, na wengi wa waliowatoa majini walikuwa wavuvi na watu wa boti za kuzamia za kaskazini. Walikwenda kwa sababu simu zililia, kwa sababu chombo kilikuwa karibu, na kwa sababu walijua mkondo ule unavuta wapi. Bila shaka miongoni mwao walikuwemo wasemaji wa baraza na walikuwemo wasiosema. Bahari haikuwatenga. Kilichowatenga na sisi tuliobaki nchi kavu ni ujuzi na kuitwa.

Je, basi hulka haina kazi yoyote? Hapana, na hapa nitasimulia kitu kimoja nilichokiona, kwa sababu bila ya hicho nisingeandika. Msimu mmoja wa karafuu, nikiwa kijana, nilikuwa nikichuma katika shamba moja nyuma ya Chake. Mchumaji hulipwa kwa pishi, chombo cha kupimia nafaka na karafuu. Jioni karafuu zinamwagwa jamvini, watu wanakaa kuzichambua, karafuu huku, makonyo huku, taa ya chemli katikati, na hapo ndipo masihara yote ya siku hutoka. Kisha msimamizi anakuja na pishi yake. Pishi ya haki ni ya mfuto, unapitisha kijiti juu ya mdomo wake kinachozidi kinaanguka. Yule msimamizi alikuwa hafuti. Alikuwa anajaza mpaka kilele, anabonyeza kwa kiganja, anaongeza, halafu anahesabu moja. Sote tulikuwa tunaona. Sisi wasemaji tulikuwa tumeshatunga hata utani wake, "pishi ya mlima Kilimanjaro," na tukishacheka tunaona tumeshadai haki yetu. Palikuwa na kijana mmoja ambaye tangu msimu uanze hakuna aliyemsikia akimaliza sentensi. Siku hiyo zilipimwa za bibi mmoja mtu mzima, pishi tatu na ushei zikawa mbili. Kijana akainuka. Akasema, wala hakupandisha sauti, "Hiyo si pishi." Msimamizi akamuuliza nani amemuuliza. Kijana hakujibu. Alilichukua pakacha lake, ambalo zamu yake ilikuwa inafuata, akazirudisha karafuu zake zote jamvini, akakaa, akagoma kupimiwa.

Tulinyamaza. Mimi niliyekuwa bingwa wa utani nilikuwa natazama vidole vyangu. Msimamizi akapima za wote, akafunga daftari, na kijana akaondoka gizani bila ya malipo ya siku. Kesho yake hakuja.

Huo ndio uwezo wa kukataa nilioutaja mwanzo, na mtu wa aina hii anao kweli. Mcheshi ana njia ya kutokea: akiona jambo baya analigeuza kichekesho, moyo unapoa. Mkimya mwenye ndoto hana mlango huo. Kila alichokiona siku ishirini kimekaa ndani yake hakijatoka, na siku kinapotoka hakitoki kwa maneno, kinatoka kwa kitendo. Jamii yoyote inahitaji watu wasiojua kupoa. Lakini tazama pia kasoro yake. Kijana yule hakumuuliza yeyote kati yetu kabla ya kusimama. Hakujua kama tungemfuata, na sisi hatukujua kama angesimama. Alikataa kama mtu anayejiokoa nafsi yake isichafuke, akaenda zake. Pishi ikabaki vile vile. Ukimsifu hapo, kama vipande vya video vinavyosifu, unamfundisha kwamba kazi imekwisha pale dhamiri yake ilipotulia.

Ndiyo maana jina la upole ambalo mtandao umewapa watu hawa, "mpatanishi," mimi nalipinga kuliko herufi zote. Kwetu neno hilo lina uzito. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu baada ya miaka ya uhasama uliomwaga damu Pemba, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo zaidi ya asilimia 66 walisema ndiyo, ikafungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Yalianza kimya kimya, hilo kweli, lakini ukimya wake ulikuwa wa siri ya mazungumzo, haukuwa wa hulka. Mpatanishi hukaa na watu anaowaona wamekosa, anakunywa chai yao, anakubali nusu ya anachokiamini ili apate nusu nyengine kesho. Nusu shari kuliko shari kamili, husema wahenga, na maneno hayo mtu wa ndoto safi huyaona kama dawa ya mwarobaini. Yeye anataka dunia iwe njema, si iwe nusu. Kumwita mpatanishi kwa sababu hapendi ugomvi ni sawa na kumwita nahodha mtu anayeogopa kuzama. Anaweza kuujifunza upatanishi, na akijifunza pengine atakuwa bora kuliko sisi kwa sababu anasikiliza, lakini ataujifunza akienda kinyume na hulka yake.

Haya yanatupeleka wapi? Kwa kijana mwenye herufi zake, sina la kumwambia zaidi ya kuzichukua kama salamu, si kama shahada. Akitaka kujua kama ana ushujaa aangalie mara ya mwisho alipomuomba mtu asimame naye. Neno langu kubwa ni kwa sisi wengine. Sheha anapotaka kamati ya maji huita mkutano wa hadhara, na wanaopata nafasi ni wale waliosema. Mwalimu akiuliza swali humchagua aliyenyoosha mkono. Kamati za misikiti, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, vilabu vya mpira, vyote vina utaratibu mmoja: anayetaka ajitokeze. Utaratibu huo unamchuja mkimya nje kabla ya kazi kuanza, kisha tunasema hana mchango. Matokeo ya Oliner yanaelekeza upande mwengine: mtu wa namna hii haulizwi mbele ya watu, anafuatwa, anaitwa kwa jina lake, anapewa kazi moja inayojulikana mwanzo na mwisho, na anaambiwa nani atakuwa pamoja naye. Baraza letu linalijua nusu ya jambo hili, kwa vile linampa mahali pa kukaa na linamgongea mlango akikosekana. Nusu iliyobaki ni kumgongea mlango na akiwa mzima, kwa sababu anahitajika.

Bibi wa pishi mbili alilijua bila ya kusoma popote. Siku ya tatu, kabla ya jua kupanda, alikwenda mpaka kwa mama yake kijana, akabisha hodi, akamkuta uani. Haya aliyahadithia mwenyewe baadaye, tukichambua. Hakumpongeza wala hakumwambia yeye ni shujaa. Alimwambia, "Mwanangu, mimi macho yangu hayaoni vizuri jioni. Njoo unishikie pishi." Jioni ile akaja naye, anamtangulia kwa hatua mbili. Msimamizi alipofika na daftari lake, kijana alikuwa ameshakaa jamvini mbele ya karafuu za bibi, kijiti mkononi. Msimamizi alimtazama, akamtazama bibi, akatutazama sisi, na safari hii wawili watatu kati yetu tulikuwa tumeshasogeza mapakacha yetu upande ule. Akampa pishi. Kijana akaijaza, akapitisha kijiti, zilizozidi zikamwagika jamvini, akasema, "Moja."